Watoto wa Nyumba Moja

Bweni la Tatu, Tabora
13 Julai 1997

Shikamoo Shangazi Mwasiti,

Natumaini barua hii inakukuta barazani unamgombeza mtu, maana hapo ndipo tunajua kwamba u mzima. Mimi sijambo, ila nimekonda kwa maharage ya shule, ambayo yana wadudu wengi kuliko maharage yenyewe. Gervasi anakusalimu. Meshack anakusalimu mara mbili na anauliza kama mgongo wako umepona au bado unawanyima raha majirani. Maneno hayo ni yake, usije ukanitukana mimi. Dada Nasra amejifungua? Wa kike au wa kiume?

Sasa nina jambo. Mtihani wa kidato cha nne tunaumaliza katikati ya Novemba, na sisi watatu tumepanga safari. Baba mdogo wa Gervasi, Martini, anaendesha lori la mahindi ya wakimbizi. Anapakia Isaka, anashusha makambini, anarudi lori tupu. Amekubali kutubeba. Tutamfuata Isaka moja kwa moja bila kupita nyumbani, twende naye Kibondo akashushe mzigo, kisha tupandishe Biharamulo hadi Mwanza. Tukitoka hapo ni Shinyanga, Singida, Dodoma mpaka Dar es Salaam, halafu ndiyo tuje nyumbani kwa treni. Ni wiki sita hivi. Mwenye safari hasa ni Meshack. Tangu kidato cha pili anachora ramani nyuma ya kalenda ya zamani, kila mto na kila daraja. Mwalimu wa jiografia alimkuta nayo darasani, tukajua ataichana, naye akaishia kumsahihisha mahali unapopita Mto Moyowosi.

Kwako tunahitaji barua. Barabara ya Kibondo imejaa vizuizi siku hizi na kila kizuizi wanataka karatasi ya kukutambulisha. Gervasi ataandikiwa na balozi wao wa nyumba kumi kule Gungu. Mimi na Meshack tuandikie wewe. Wazazi wake wako kijijini Simbo, lakini hali yao unaijua.

Mwanao,
Hamdani


Kasingirima, Ujiji
2 Agosti 1997

Hamdani,

Marahaba. Mgongo wangu hauhusiani na mtoto wa Simbo. Nasra kajifungua wa kiume, kichwa kikubwa kama chako, alimpasua mama yake. Wote wazima. Dagaa wameadimika, mawese yapo, Haruna mwenye duka kaoa mke wa tatu na sasa anatembea kama mtu aliyekanyaga msumari.

Safari yenu nimeisoma. Baba yako, kaka yangu Sefu, alikufa hajafika hata Uvinza, na alikufa ameridhika. Wewe unataka kuzunguka nchi juu ya magunia ili uone nini? Watu? Watu ni walewale, wanatofautiana kwa kelele tu. Lakini umeshakuwa mkubwa, nitakuandikia barua yako.

Meshack simwandikii. Usikunje uso, nakuona. Baba yake alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa na godoro kichwani, na niliyemwona ni mimi kwa macho yangu. Najua mtoto kazaliwa Simbo, najua kanyonya Simbo. Wenye vizuizi hawaulizi mtu kanyonya wapi. Mimi ni balozi wa nyumba kumi, nyumba zenyewe zinaanzia kwa Haruna na kuishia kisimani, na Simbo haimo. Mwambie abaki akapalilie muhogo wa babaye. Ramani aikunje vizuri, itamfaa kufungia samaki.

Usichelewe kulala na usiazime watu nguo.

Shangazi yako


Tabora
14 Septemba 1997

Shikamoo Shangazi,

Hongera kwa mjukuu. Mvua huku bado, vumbi limetuingia mpaka kwenye uji.

Barua yako Meshack ameisoma. Alikuwa amekaa pembeni yangu na sikuwahi kuificha. Alipofika mahali pa samaki alicheka, akasema, “Shangazi anaandika kama anavyopika, pilipili kwanza.” Halafu akatoka, akakaa kwenye ngazi za bwalo hadi kengele ya chakula ikapita. Hakula.

Nimekasirika Shangazi, nakuambia waziwazi. Tangu kidato cha kwanza kila likizo analala kwako. Bati la jikoni nani alilipanda akalipigilia? Siku mgongo ulipokulaza, mimi nilibaki nalia kama mjinga, na aliyekupakia kwenye baiskeli mpaka hospitali ni nani? Anakuita Shangazi, na wewe unaitika.

Watu wameanza kusema kwamba wakimbizi wanaoishi vijijini watarudishwa makambini, wa juzi na wa zamani. Meshack akipita kizuizini na karatasi ya Simbo, wataanza kuuliza baba alizaliwa wapi. Tuandikie barua moja, mimi naye, kama watoto wa nyumba moja. Kwangu mimi huo si uongo, na kwako pia si uongo, ukiacha ukali.

Hamdani


Kasingirima
3 Novemba 1997

Hamdani,

Marahaba. Mtoto wa Nasra anaitwa Sefu, jina la baba yako. Analia mchana kutwa, labda ameshamjua mtu aliyerithi jina lake.

Yale mliyosikia yameshaanza. Huko vijijini watu wanazolewa na malori, wamo waliopanda michikichi ikazaa wakala matunda yake. Kwa hiyo nimeandika. Barua ni hii ndani ya bahasha, nakunakilia maneno yake ili ikilowa ujue ilisema nini:

“Kwa wahusika. Hamdani Sefu na Meshack Sefu ni watoto wa nyumba moja, nyumba yangu hapa Kasingirima, Ujiji. Nawafahamu tangu kuzaliwa. Ni wanafunzi na wanasafiri kutembea. Naomba wasaidiwe. Mwasiti Khalfani, Balozi.”

Nimempa jina la baba yako. Marehemu hana la kusema. Mwambie Meshack nimefanya hivi kwa ajili ya bati, tusije tukadaiana. Na akifika Mwanza aniletee khanga, yenye maneno makali.

Fanyeni mtihani vizuri.

Shangazi


Mwanza
19 Desemba 1997

Shikamoo Shangazi yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka mji wa mawe! Mtihani ulikwenda vizuri, kasoro hesabu. Tumefika Mwanza tarehe 15. Mvua za mwaka huu ni za ajabu, madaraja yanakatika kila upande, mahali pamoja tulisukuma lori kutwa nzima na Martini akitutukana kwa Kiha na Kisukuma kwa zamu. Gervasi amepoteza kiatu kimoja, sasa anatembea na ndala. Tunakula sato mpaka tumechoka. Ningependa uwaone watu wa huku wanavyozungumza, kila mtu kama anamwita mwenzake kutoka ng’ambo ya mto.

Nakutumia picha. Tumepiga juzi tarehe 17 karibu na ziwa. Kushoto ni Gervasi, katikati Martini, na huyo mwenye miwani ya kuazima ni mimi.

Meshack hayumo pichani. Alishuka njiani, ana mambo yake. Tutakutana mbele.

Khanga nitakununulia mimi. Msalimie Nasra na Sefu mdogo.

Mwanao mtiifu,
Hamdani


Kasingirima
11 Januari 1998

Hamdani,

Marahaba. Mimi mzima. Ziwa limejaa, maji yameingia mpaka kwenye ua wa Haruna, wake zake watatu wamelala chumba kimoja na hakuna anayesema na mwenzake.

Picha imefika. Miwani hiyo inakufaa, inaficha.

Kwanza. Siku ya Ijumaa tarehe 19 Desemba nilipata wageni wawili, watu wa serikali. Tulizungumza, wakanywa chai, wakaenda zao.

Pili. Jumatano iliyopita kaja Verediana, mama yake Meshack, kwa miguu kutoka Simbo na maharage kichwani. Ameanza tabia ya kuamkia kwa Kiha siku hizi, “Mwakeye,” kwa sauti, ili wapita njia wasikie na wamhesabu Muha wa hapa. Akaniuliza, “Mama Mwasiti, mwanangu ameshaandika? Kwangu hajaandika.” Nikamwambia wamefika Mwanza salama, wanakula sato. Nikamwonyesha picha. Akaishika kwa ncha za vidole, akaipeleka mwangani, akahesabu watu watatu, akahesabu tena. “Wangu yuko wapi?”

Nikamwambia, “Wako ndiye aliyepiga.”

Alifurahi, Hamdani. Akasema basi kajifunza na kupiga picha. Akaniomba hiyo picha aende nayo, kwa kuwa mkono wa mwanawe umeishika, nami nikampa. Maharage ameniachia yote. Nimeyapika, nimeyala, yalikuwa mazuri.

Sasa nakuuliza swali moja na unijibu bila kunizungusha. Meshack alishukia wapi, na nani alimshusha?

Shangazi


Kahama, kwa Martini
8 Februari 1998

Shangazi,

Shikamoo. Dar hatukufika. Reli imekatika, barabara imekatika, Gervasi amerudi Gungu. Mimi nimebaki huku, Martini amenipa kazi kwenye lori.

Unaniuliza mimi alishukia wapi, na jibu unalo. Martini alipita tena kwenye kile kizuizi mbele ya Kibondo. Askari mmoja alimweleza yote. Walimweka Meshack pale siku nyingi wakisubiri majibu kutoka Ujiji. Waliokuja kwako walikuja na barua uliyoiandika kwa mkono wako, wakakuuliza kama unamjua, ukasema humjui. Ukawapa na chai! Baada ya hapo ndipo wakampeleka kambini na akina mama waliotoka Burundi wiki ileile. Yuko huko mpaka leo. Kijana aliyekupakia kwenye baiskeli kama mtoto mchanga.

Nilikuwa nakuona mkali tu. Kumbe ndani ya ule ukali hakuna kitu. Unampa mama yake picha ya watu wengine aende akailalie. Sijapata kusikia ukatili kama huo. Nilidhani ukiulizwa utasema neno moja, ndiyo, neno dogo kabisa, na angepanda lori lililofuata akatukuta Mwanza.

Sirudi Ujiji. Usinitafute.

Hamdani


Kasingirima
1 Machi 1998

Hamdani mwana wa Sefu,

Hukuuliza hali yangu, kwa hiyo nakusaidia: sijambo.

Umeandika vizuri, nimeisoma mara tatu. Nikuhadithie sasa siku ile ya wageni, maana askari wa Martini kaanza hadithi katikati.

Walikuwa wawili, mmoja mnene na mmoja kijana mwenye daftari. Wakanionyesha barua yangu. Yule mnene akacheka, akasema kilichowashtua pale kizuizini ni jina. “Meshack Sefu! Meshack na Sefu wamekutana wapi, mama?” Hilo kosa ni langu na nitakufa nalo. Hapa Ujiji nani angeuliza? Nyumba ya pili kutoka kwangu wamo Agnesi na Hamisi, tumbo moja, na hakuna aliyewahi kugeuza shingo. Ningeandika Musa angepita. Lakini mtoto nimemwita Meshack miaka minne, mkono ukaandika ulivyozoea.

Akaniuliza kama ni wangu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, Hamdani. Ile “ndiyo” ilikuwa kwenye meno. Yule kijana akaninyooshea kiganja, “Subiri mama, usijibu kabla hujasikia maelezo ya huyu mwingine.” Akasoma daftarini. Nayajua kwa moyo sasa, nikuandikie: “Mimi Hamdani Sefu, huyu Meshack si ndugu yangu. Tunasoma naye tu. Kwenye barua hilo jina kajiongezea mwenyewe.” Na sahihi yako chini.

Kajiongezea mwenyewe. Nilimwomba aisome tena.

Kama ningesema ndiyo, mwongo ungekuwa wewe, na wangekufuata hadi Mwanza. Kisha yule mnene akaniuliza kwa upole kabisa, “Na wewe mama, babu yako alizaliwa upande gani wa ziwa?” Unajua alizaliwa upande gani. Nusu ya Ujiji ilivuka maji haya, ni kuwahi tu. Niliangalia mlango wa chumba, Nasra yumo ndani ananyonyesha. Nikasema simjui huyo kijana. Nikawamiminia chai kwa sababu mikono yangu ilikuwa inataka kitu cha kufanya.

Basi nimemkana. Sijifichi nyuma ya mtu. Lakini nilikuja wa pili, bwana mdogo. Wewe ulikuwa umekaa juu ya magunia matupu ukimwangalia anashushwa, na siku ya picha, unipe hesabu, alikuwa ana siku ya ngapi pale kizuizini? Ulicheka kwa meno yote thelathini na mbili.

Verediana amekuja tena, nami nimemwambia ukweli wote, wa kwangu na wa kwako. Hakulia. Alinitazama kama mtu anayetazama chungu kilichopasuka, kisha akaondoka. Picha hakunirudishia. Wiki iliyofuata malori yalifika na kwao.

Nyumbani ni kwako. Rudi au usirudi.

Mwasiti


Kasingirima
17 Mei 1998

Hamdani,

Umekaa kimya miezi miwili, haya. Mvua zimekwisha. Sefu mdogo ameota jino.

Majina ya kidato cha tano yametoka. Wewe hukuchaguliwa. Pole, na nasema pole kwa kweli.

Meshack kapata daraja la kwanza. Barua yake ya kuitwa shule imekuja kwa sanduku la posta la Haruna, kama barua zetu zote, na Haruna kaniletea bila kujua. Nimeifungua. Aripoti tarehe 6 Julai, asipofika nafasi anapewa mwingine. Nimemuuliza mwalimu mmoja mstaafu hapa mtaani, kasema kijana akiwa na karatasi hii mkononi anaweza kuombewa kibali cha kutoka kambini akasome. Bila karatasi hakuna wa kumsikiliza.

Mimi siwezi kuipeleka. Nimeshaandikwa kwamba simjui, nikienda nikisema namjua watanirudisha kwenye lile swali la babu. Kuipeleka kwa posta naogopa, kambini bahasha zinapita mikono mingi. Wewe unapita mbele ya kambi hiyo kila wiki na lori la Martini. Bahasha nimekuwekea ndani ya hii. Shuka, mwite, mpe, ondoka. Sikuombi umwombe radhi, hilo ni lenu wawili. Nakuomba ushushe miguu garini.

Nakuombea, mwanangu.

Shangazi


Kahama
28 Juni 1998

Shikamoo Shangazi,

Mimi mzima. Vumbi limerudi. Martini anakusalimu, amenunua tairi mbili mpya na anazifuta kila asubuhi kama watoto. Mbusu Sefu mdogo kwa hilo jino.

Bahasha niliipata tarehe 2. Alhamisi mbili za kwanza nilipita nayo kifuani na sikushuka. Nikuambie ukweli, nilipolisoma lile daraja la kwanza sikufurahi. Nilikasirika, kama mtu kaniibia. Alhamisi ya tatu Martini alisimama pale kununua ndizi nami nikashuka.

Getini yupo mlinzi na daftari. Akaniuliza namtaka nani. Nikamtaja. Akaniuliza, “Wewe ni nani wake?” Nikawa naitazama tu kalamu yake. Mle ndani, karibu na seng’enge, kulikuwa na watoto wamekaa chini na mtu anawafundisha kwa ubao wa mbao za sanduku. Alikuwa amechora ramani. Akageuka. Amekonda Shangazi, ila ni yeye. Akaniona, akatabasamu, akaitupa chaki, akaanza kuja mbio huku anaita, “Hamdani! Hamdani!”

Nilimwogopa. Angenitukana ningesimama. Niliogopa kwamba atanisalimia vizuri.

Mlinzi akauliza, “Anakujua?”

Nikamwambia, “Ananifananisha.” Nikapanda lori. Alinifuata kwa upande wa ndani ya seng’enge mpaka seng’enge ilipokata kona.

Bahasha sikuweza kukaa nayo. Jana niliipeleka posta hapa Kahama irudi ilikotoka, kwa waliomwita shule. Karani akasema barua ikirudishwa lazima iwe na sababu juu yake, akanipa kalamu. Nimeandika: Hajulikani.

Hamdani